Kopo Lisilo na Kitako

Watu tuliofanya nao kazi mgodini Geita zamani zile wakimtaja Fundi Mkuu, sauti zao hulainika. Utasikia, "Mungu amlaze pema, yule alikuwa fundi." Yangu hailainiki. Nilikaa chini yake miaka mingi, nikibeba, nikikoroga, nikijenga, na miaka yote hiyo nilimwonea wivu mpaka tumbo likaniuma. Nilionea wivu mikono yake, nikaonea wivu suruali yake, na zaidi ya vyote nikamwonea wivu yule mwenzangu aliyempenda kuliko sisi wote. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu mwenye kinyongo. Mwenye mazuri zaidi naye aseme yake.

Kwao ni wapi na baba yake alikuwa nani, sijui, wala sitajifanya najua. Ninachokijua ni kazi yake, na kazi yake ilikuwa rojo.

Asiyepata kusimika mashine atadhani ni jambo dogo. Mashine kubwa ya mgodi huwekwa juu ya msingi wa zege, lakini haikalishwi moja kwa moja. Huachwa upenyo mwembamba kati ya chuma na zege, kidole kinapita kwa shida, halafu upenyo ule unajazwa rojo la simenti. Unamimina upande mmoja, nalo litembee lenyewe gizani chini ya chuma, lijaze kila pembe, litokee upande wa pili. Likisimama njiani limeacha shimo, na mashine yenye shimo chini yake hutetemeka usiku na mchana mpaka bolti zinakatika. Na ukisema uliongeze maji ili likimbie, litakimbia kweli, halafu maji yatapanda juu, simenti itazama chini, na likikauka utakuta limeachana na chuma kama mke na mume waliogombana.

Kipindi kile cha vita vya Hitla simenti ilikuwa haba. Bwana Injinia akaagiza tuirefushe kwa unga wa mawe. Unga ule ulikuwepo tele: mawe ya dhahabu yalisagwa kinuni, dhahabu ikatolewa, yaliyobaki yakamwagwa nje, malundo kwa malundo ya kijivu. Wazo lilikuwa la mzungu, sitampunja. Lakini utie kiasi gani, na uchote upande gani wa lundo, hapo ndipo alipotakiwa Fundi Mkuu. Unga ule ukitiwa kwa kiasi chake, rojo linateleza na kushika maji yake lisiyaachie. Ukizidi kidogo tu, linanuna. Ukitia majivu ya kuni, yanakunywa maji kama ng'ombe waliorudi malishoni, unabaki unakoroga matope.

Alipima kwa kopo. Lilikuwa kopo la sigara lililokatwa juu na chini, halina kitako wala kifuniko, likaoga simenti mpaka rangi yake ikapotea. Alikuwa pia na kipande cha kioo cha dirisha, amekifunga kwenye gunia kama mtu anayesafiri na yai. Alikilaza kioo sawasawa kwa pimamaji, akasimamisha kopo juu yake, akalijaza rojo, akapitisha mwiko juu, kisha akalinyanyua polepole kwa vidole viwili. Rojo lilikaa chini, likatanuka, likawa duara kama chapati. Basi yeye alipima chapati ile kwa shibiri, kutoka kidole gumba mpaka kile cha mwisho. Lisipofika alisema, "Huyu kanuna." Likipita na maji yakatoka pembeni: "Mlevi huyu, oneni anavyojikojolea." Na likifika pale pale kwenye ncha ya kidole, likasimama limetulia na linang'aa, alitabasamu peke yake na kusema, "Bibi arusi. Anatembea pole, lakini atafika."

Nilimuuliza siku moja, kwa heshima zote, "Fundi, leo umetia unga kiasi gani?"

"Tazama," akasema.

Nikatazama. Nilitazama mpaka macho yakatoka machozi kwa vumbi. Yeye alinigeuzia mgongo, mkono ukaingia kwenye mfuko wa unga, ukatoka, kwisha. Nikamuuliza tena siku nyingine, jibu lile lile. Tazama. Ikawa kila nikifungua mdomo najua nitakachojibiwa, lakini nikaendelea kuuliza, maana ukimya ulikuwa unaniuma zaidi.

Sasa Hamisi. Huyu alikuwa mwashi mwenzangu, mtu wa Ujiji, rika langu, tulianza kazi mwaka mmoja. Hamisi akiuliza swali lile lile, Fundi Mkuu aliweka mwiko chini, akafuta mikono, akasema, "Njoo, mwanangu." Wanakwenda nyuma ya lundo la mchanga, wanachutama, wananong'ona kama watu wanaoposana. Mimi nimesimama na karai kichwani, naona visogo vyao viwili tu. Hamisi anarudi anacheka, meno nje. Loo! Nilikuwa nikiyachukia meno yale.

Nimejiuliza sana alikuwa na nini ambacho mimi sina. Alikuwa na Kiswahili, hilo moja. Mimi nimetoka mbugani Shinyanga, mdomo wangu ulikuwa umezoea "mwangaluka" asubuhi na habari za ng'ombe, Kiswahili nilikivaa ukubwani na kilinibana. Hamisi alijua kumsifu mtu uso kwa uso mpaka mtu akajiona mfalme. "Fundi, mikono hiyo uliiazima kwa malaika?" Mambo kama hayo! Mimi hata ningetaka kuyasema yangenikwama kooni. Kwetu nilichopata kukisifu ni fahali.

Na Fundi Mkuu alipenda kusifiwa, msije mkadanganywa kwamba alikuwa mtu mnyenyekevu. Alikuja kazini na suruali nyeupe. Nyeupe, kwenye simenti! Sisi tumekuwa kama mizimu kwa vumbi, yeye anapita katikati yetu anang'aa kama anakwenda arusini. Akichutama aliivuta juu ya magoti kwa vidole viwili, na sikupata kuona tone juu yake. Nililiomba tone lile kwa Mungu, wallahi, na mimi si Mwislamu.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine kabisa. Ukuta ulikuwa na nyufa za kupitisha mkono, na mvua ikinyesha walihamisha kitanda. Mkewe, mama mmoja mnene mwenye kicheko, alitukaribisha kila tulipopita. "Fundi wenu huyu?" alikuwa akisema. "Karibuni mwone. Ukuta huu nimekandika mwenyewe, na ule pia, yeye hajashika hata kibonge."

"Kazi ya nyumbani haina injinia wa kuikagua," Fundi Mkuu alijibu kutoka kwenye kiti chake.

Uji aliuangalia kama anavyoangalia rojo. Ukiwa na vibonge aliinamisha kikombe, akautazama unavyoteleza ubavuni, akatikisa kichwa. "Mama, huu umekataa maji."

"Basi kapike wewe huko mgodini kwako," mkewe akamjibu, na sisi tukacheka, na yeye akanywa.

Wema alikuwa nao, ndiyo. Hata wema wake uliniudhi. Mke wangu alipojifungua Shija, mtoto wetu wa kwanza, Fundi Mkuu alituletea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, gunia zima, na kuku mnono wa kumpa nguvu mzazi. Kitu kizuri, sikatai. Lakini nani alikuja kukileta? Hamisi! Amesimama mlangoni kwangu, kuku amemshika miguu, meno nje: "Mzee anasema hongera." Yeye mwenyewe hakuja. Mama Shija alisema nina roho mbaya, apewe kuku mtu bado anauliza ameletwa na nani. Kuku yule nilimla kwa hasira, na alikuwa mtamu.

Basi ikasikika kwamba mashine mpya inakuja, kubwa kuliko zote tulizopata kuzisimika. Na Fundi Mkuu magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, hakuweza tena kulala kifudifudi kuchungulia chini ya chuma. Asubuhi moja akatukusanya genge zima. Akasema rojo la mashine ile atamimina mmoja wetu wawili, Hamisi au mimi, na atakayemimina ndiye atakayekuwa mkuu wa rojo baada yake. Kopo atampa yeye. Kila mmoja akoroge lake, alitie chochote anachojua, tuje tulijaribu kwenye kioo mbele ya watu wote.

Jamani, sikulala vizuri juma lile. Kopo lile nililitaka kuliko mshahara. Nilitaka anipe kwa mkono wake, watu wakiona, na anitaje jina.

Hamisi alikuwa na siri za nyuma ya mchanga. Mimi nilikuwa na nini? Nikamkumbuka mama yangu. Kwetu sakafu ya nyumba husiribwa kwa udongo wa kichuguu, kila Msukuma anajua hilo. Mchwa wameutafuna, wameulainisha. Ukiutwanga na kuuchekecha unakuwa laini kuliko unga wa kinu, unateleza kati ya vidole, na sakafu yake ikikauka ni ngumu, unaweza kuanika mtama juu yake. Nikasema, hapa nimepata. Wao watatia mawe, mimi nitatia kitu laini kuliko mawe. Nikachimba, nikatwanga, nikachekecha kwa kitambaa.

Siku yenyewe ikafika. Nikakoroga mbele yao. Ndani ya karai rojo langu lilikuwa zuri ajabu, lina rangi, linang'aa kama limepakwa mafuta. Nikaona Hamisi anakunja uso. Nikajaza kopo, nikapitisha mwiko, nikanyanyua polepole kama nilivyomwona mwenyewe akinyanyua.

Rojo likasimama. Halikutanuka hata ukucha. Lilisimama juu ya kioo na umbo la kopo, refu, limejikaza, linatutazama.

Fundi Mkuu akavuta suruali, akachutama, akaliangalia upande huu, akaliangalia upande ule. "Masanja ametupikia ugali," akasema. "Mboga iko wapi?"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye mchanga. Fundi Mkuu alisubiri wamalize, kisha akaeleza kwa sauti, wote wasikie: udongo wa kichuguu ni mzuri kwa sakafu kwa sababu hiyo hiyo inayouharibia rojo. Unakunywa maji yote, halafu unashikana wenyewe kwa wenyewe, hauachi kitu kipite. Hilo ndilo somo pekee alilonifundisha kwa mdomo wake, na alilifundisha mbele ya kadamnasi. Rojo la Hamisi lilitanuka mpaka ncha ya kidole. Akapewa kopo, akalibusu, mpuuzi yule. Tangu siku ile mimi nikawa Masanja Ugali, hata wanawake kisimani walinijua hivyo.

Na mashine ilipokuja, niliwekwa upande wa pili wa msingi, kazi yangu kuchungulia litokee. Hamisi akamimina. Nikasubiri, shavu langu likiwa sakafuni, na moyoni naomba lisifike. Likafika. Kwanza ulimi mmoja wa kijivu, halafu ukingo mzima kwa pamoja, taratibu, bila povu, bila maji. Lilikuwa rojo zuri, na nililichukia. "Limetoka!" nikapiga kelele, maana ndiyo kazi niliyopewa.

Niliacha kazi Geita miaka kadhaa baadaye, nikarudi Shinyanga. Pamba ilikuwa imeshika kasi, viwanda vya kuichambua vinajengwa, na fundi mwenye mikono hakosi kibarua. Lakini kule hapakuwa na kinu cha dhahabu wala unga wake. Nikatafuta kipande cha kioo. Nikakata kopo la maziwa juu na chini. Jioni, wenzangu wakienda pombeni, mimi nachutama uani najaribu vumbi la tofali, najaribu majivu ya pumba za mpunga, najaribu hiki na kile, na kila kilichosimama nilikisikia kikicheka.

Mpaka nikajaribu vile vijiwe vyeupe vya mbugani, ambavyo jembe huviibua kwenye udongo mweusi, watu wakavichoma kupata chokaa. Mimi sikuvichoma. Nilivisaga vibichi. Yaani alivisaga Mama Shija, kwenye jiwe lake la mtama, akinung'unika kwamba sasa jiwe lake limegeuka mchawi, linakula mawe wenzake. Tukachekecha kwa kipande cha kanga. Nikatia kiasi chake, ambacho hapa sikisemi, nikanyanyua kopo. Likatanuka, likafika kwenye ncha ya kidole, likasimama linang'aa. Bibi arusi, mweupe kidogo kuliko wa Geita na mwepesi wa miguu kuliko yeye.

Nilikaa namtazama peke yangu. Nilitaka kumwambia mtu. Wenye kiwanda walichojali ni mashine isitetemeke. Mama Shija alichojali ni jiwe lake. Palikuwa na masikio mawili tu duniani niliyotaka yasikie, na yalikuwa Geita, karibu na Hamisi.

Kisha ikaja siku. Tulikuwa tunasimika injini ya kiwanda kimoja nje kidogo ya mji, mimi ndiye fundi wa rojo, Mama Shija ameniletea chakula na kikapu cha unga uliobaki. Nikamwona mzee anaongozwa mkono na mwanamke wa makamo. Suruali nyeupe. Niliitambua suruali kabla ya kumtambua mtu. Alikuwa amekuja mjini kwa binti yake kutibiwa macho, na macho yalikuwa yamefunikwa na utando, hayaoni. Binti akaeleza kwamba walikuwa wanapita njia, baba kasikia sepeto likikoroga simenti, akagoma kuendelea.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo.

"Marahaba." Hakuitambua. Alikwisha vuta suruali juu ya magoti, akachutama kwa shida, mkono unapapasa hewa. Nikamsogezea karai. Akachovya kidole, akasugua kwa kidole gumba. "Kopo lipo?"

"Lipo, Mzee."

Nikalijaza mwenyewe, nikanyanyua. Alisubiri, uso ameuelekeza juu, mpaka akaona wakati umetosha. Kisha akapitisha ncha ya kidole pembezoni mwa chapati, kuzunguka yote, kwa wepesi wa mtu anayegusa jeraha. Akatandaza shibiri yake. Likafika pale pale.

Nilimwona anatabasamu. Lile tabasamu la peke yake.

"Hamisi," akasema. "Hamisi, mwanangu. Umefika."

Ningekuwa na mwiko mkononi ningeuvunja. "Siyo Hamisi, Mzee," nikasema. "Ni Masanja."

"Masanja yupi?"

Miaka yote ile! Nikafikiri nimwambie wa Shinyanga, wa karai, wa mtoto uliyemletea michembe. Lakini nilijua ni jina gani litakalomfikia. Nikalimeza, likarudi, nikalitoa.

"Masanja Ugali."

"Aaah!" Akacheka, akapiga paja, suruali ikaingiwa na tone la simenti, tone lile nililoliomba nusu ya maisha yangu, na hakulijua. "Ugali! Mboga ulipata?" Kisha kicheko kikamwisha. Mkono ukarudi kwenye kioo, ukazunguka tena. "Hili umekoroga wewe?"

"Mimi."

"Basi Hamisi alikufundisha vizuri."

Mama Shija hakuweza kuvumilia zaidi. "Hamisi gani?" akafoka. "Mzee, samahani, mimi ni mtoto wako, lakini Hamisi gani? Mawe nimesaga mimi, angalia viganja vyangu! Na huyu ndiye aliyeyaokota mbugani akajaribu mpaka nikadhani ana wazimu. Hamisi hajakanyaga hapa!"

"Mama Shija!" nikamkatiza.

Lakini mzee alikuwa amekwisha geuza uso. "Mawe gani?" Akanitafuta kwa sikio. "Masanja. Umetia nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitunza tangu Geita, tayari, limenolewa, neno moja tu. Tazama. Lilinijia mpaka kwenye meno. Yeye alikuwa ameinua uso, lakini haukunielekea. Ulielekea kando kidogo, pale nilipokuwa nimesimama mwanzo.

Nikachota unga kikapuni, nikaushika mkono wake, nikaumimina kiganjani.

Akausugua. Akaunusa. Akauweka ulimini. "Huu si wa kinu."

"Si wa kinu, Mzee." Nikachutama karibu yake, tukiwa tumewageuzia wengine visogo, nikamweleza yote kwa sauti ya chini: vijiwe vinapatikana wapi, kwa nini visichomwe, vichekechwe namna gani, kiasi gani kwa karai moja. Aliuliza, nikajibu. Aliuliza tena, nikajibu tena. Binti yake alikuwa anamvuta bega, gari la kwenda mjini linangoja.

Alipoinuka hakumwaga ule unga. Aliufumba kiganjani. Akainama kunifikia sikio, nikasikia pumzi yake ya tumbaku.

"Hamisi anajua hili?"

"Hajui, Mzee."

"Usimwambie," akasema.

Nami sijamwambia mpaka leo.